Dubu kwenye madirisha ya Kolyuchin: jengo lililohamwa, droni, na kazi ya mpiga picha

Mwaka 2021 mpiga picha wa Urusi, Dmitry Kokh, alikuwa katika Bahari ya Chukchi, kaskazini mwa Rasi ya Chukotka, mashariki kabisa mwa Urusi, akisafiri kwa mashua kuwatafuta dubu weupe. Shabaha yake ilikuwa Kisiwa cha Wrangel. Njiani hali ya hewa ikachafuka, mashua ikajibanza karibu na Kisiwa cha Kolyuchin kungoja dhoruba ipite. Kisiwani humo kuna majengo ya kituo cha hali ya hewa kilichofungwa mwaka 1992 na kuachwa kama kilivyo. Kwenye madirisha ya majengo hayo kitu kilionekana kikitembea. Darubini ikamaliza ubishi: walikuwa dubu, zaidi ya 20 kwa jumla, wakizurura ndani na nje ya nyumba.

Kokh alibaki majini. Alirusha droni yenye mapanga yaliyotengenezwa kupunguza kelele, akawapiga picha dubu wakichungulia kupitia madirisha yasiyo na vioo. Mwaka 2022 moja ya picha hizo ilishinda katika kundi la wanyamapori wa mijini kwenye shindano la Wildlife Photographer of the Year, linaloandaliwa na Makumbusho ya Historia Asilia ya London. Wakati huo picha zenyewe zilikuwa zimekwisha kuzunguka dunia nzima kwa simu za watu.

Nimelichagua tukio hili kwa sababu limekusanya pamoja karibu kila jambo linalompa taabu mpiga picha wa dubu: mnyama anayeweza kuua, jengo la binadamu, chombo kinachoruka, sheria zinazobadilika ukivuka mpaka, na picha nzuri kiasi kwamba mtazamaji hakumbuki kuuliza ilipatikanaje. Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Watu husifu droni. Mimi nadhani sifa inastahili kwenda kwa mambo yaliyotangulia droni, na la kwanza ni swali ambalo kila anayemwona dubu karibu na jengo porini anapaswa kujiuliza kabla hajagusa kamera: jengo hili linampa dubu nini?

Mahali penyewe

Kolyuchin ni kisiwa kidogo, urefu wake haufiki kilomita 5, na kiko takriban kilomita 11 kutoka pwani ya Chukotka. Juu kuna mimea mifupi ya tundra, yaani uwanda wa baridi usio na miti, pembeni majabali yanayokaliwa na ndege wa baharini. Bahari inayokizunguka haina huruma. Karibu na hapo ndipo barafu ilipoinasa meli Vega ya mvumbuzi Adolf Erik Nordenskiöld mnamo Septemba 1878 na kuishikilia hadi Julai 1879, na ni katika bahari hiyo hiyo meli ya Kisovieti Chelyuskin ilipokamatwa na barafu mwaka 1933, ikapondwa na kuzama Februari 1934.

Ajali za namna hiyo zinaeleza kwa nini vituo vya hali ya hewa vilitapakazwa kwenye visiwa vya Aktiki, eneo la ncha ya kaskazini ya dunia. Meli zilizopita njia ya kaskazini zilihitaji kujua upepo na barafu viko wapi, kwa hiyo watu wachache waliishi huko mwaka mzima wakipima na kutuma taarifa kwa redio. Umoja wa Kisovieti ulipovunjika mwishoni mwa 1991, vituo vingi vilikosa fedha. Watu waliondoka; nyumba, vyuma na mapipa ya mafuta vilibaki, maana kuvirudisha bara ni gharama kubwa kuliko kuviacha. Kwenye picha za Kokh mapipa hayo yanaonekana, yameota kutu, yamelala ovyo kuizunguka nyumba. Nitayarudia, kwa sababu wengi waliozitazama picha hizo waliyapita bila kuyaona.

Jengo linampa dubu nini

Dubu mweupe anaishi kwa mafuta ya sili, mnyama wa baharini, na sili anawindwa juu ya barafu ya bahari. Kiangazi barafu ikirudi kaskazini, baadhi ya dubu wa Bahari ya Chukchi huifuata, wengine hupanda nchi kavu, hasa Wrangel na pwani ya Chukotka, wakingoja maji yagande tena. Kungoja huko ni kazi ya kubana nguvu. Dubu analala sana, anatembea pole pole, na akipata mzoga wa nyangumi au wa walrasi, yule jamaa mkubwa wa sili mwenye meno marefu, anakula.

Kwa dubu wa namna hiyo, nyumba tupu inatoa kinga ya upepo, sakafu kavu, na mambo mengi ya kunusa. Dubu ni mnyama mdadisi. Kitu kipya hukikagua kwa pua, kwa makucha na kwa meno. Lakini nyumba ya Kolyuchin haimpi chakula. Jiko lilizimika 1992. Takataka mpya hazitupwi. Mtu hayupo. Dubu anayelala chumbani humo hafundishwi kwamba harufu ya binadamu ni harufu ya mlo, na mpiga picha anayemkuta hapo haingii katikati ya ugomvi wowote.

Weka tukio hilo kando ya mengine yanayofanana nalo kwa sura, uone tofauti. Septemba 2016, katika Kisiwa cha Troynoy kwenye Bahari ya Kara, kaskazini mwa Urusi, wafanyakazi watano wa kituo cha hali ya hewa walizingirwa na kundi la dubu. Mbwa wao mmoja aliuawa, dubu jike mmoja alikuwa akilala usiku chini ya madirisha ya kituo, na fataki za kuwatishia zikaisha, hadi meli ikawapelekea nyingine pamoja na mbwa. Kituo cha aina ile ile, dubu wa aina ile ile, madirisha yale yale. Lakini ndani kulikuwa na watu na vyakula vyao. Picha ya dubu yule chini ya dirisha ingeweza kuwa ya kustaajabisha. Kila dakika ya kuitafuta, hata hivyo, ingekuwa dakika ya kumzoesha dubu kukaa karibu na mlango wenye watu, na dubu aliyezoea hivyo mwisho wake mara nyingi ni risasi.

Au chukua Belushya Guba, katika visiwa vya Novaya Zemlya. Kati ya Desemba 2018 na Februari 2019 dubu 52 walionekana kuzunguka makazi hayo, baadhi wakaingia ndani ya majengo, na hali ya hatari ikatangazwa. Kilichowashikilia hapo ni jalala. Picha zilizotoka huko ni za dubu weupe wakichakura kwenye milima ya taka, na ukizitazama kwa makini unaona wanyama waliokwisha kufunzwa somo baya. Au Norilsk, Juni 2019: dubu jike aliyekonda alitokea katika mji wa viwanda ulio mamia ya kilomita kutoka baharini, akazunguka akitafuta chakula hadi alipokamatwa na kupelekwa bustani ya wanyama ya Krasnoyarsk. Au Dikson, Julai 2022, ambako kopo la maziwa mazito lilimnasa ulimi dubu mchanga na madaktari wa wanyama wakalazimika kusafiri kutoka Moscow kumwondolea.

Kwenye pwani ile ile ya Chukotka, magharibi mwa Kolyuchin, kipo kijiji cha Ryrkaypiy. Desemba 2019 dubu zaidi ya 50 walikusanyika karibu nacho, wakila mizoga ya walrasi, barafu ikiwa imechelewa kuimarika. Wanakijiji wenye doria ya dubu walilinda njia, na shughuli za hadhara zikasimamishwa. Hapo mpiga picha mgeni ni mzigo. Anahitaji kulindwa na watu wale wale wanaolinda watoto wa shule.

Kwa hiyo majengo porini si kitu kimoja. Kambi ya mafuta inayofanya kazi, jalala la mgodi, gati lenye meli, kituo chenye mpishi, na gofu lisilo na mtu kwa miaka 29, kila kimoja kinamvuta dubu kwa kamba yake. Pale kamba inapokuwa chakula cha binadamu, naona picha haipaswi kutafutwa kabisa, isipokuwa kama kumbukumbu ya tatizo, na ipigwe na mtu ambaye tayari yuko hapo kwa kazi nyingine.

Kutoshuka

Uamuzi mkubwa wa siku ile Kolyuchin ulikuwa wa miguu. Mtu aliyesafiri mbali vile, akaona jambo ambalo pengine halitaonekana tena, angeweza kujishawishi kwamba dakika kumi ufukweni akiwa na mtu wa bunduki zinatosha. Wengi wamejishawishi hivyo. Julai 2018, kaskazini kabisa mwa Svalbard, visiwa vya Aktiki vilivyo chini ya Norwe, walinzi wa meli ya watalii ya Bremen walishuka kwanza ili kuhakikisha ufuko ni salama. Dubu ambaye hawakumwona alimvamia mmoja wao na kumjeruhi kichwani, na dubu huyo akapigwa risasi akafa. Wale walikuwa watu wenye mafunzo, wenye silaha, katika sehemu ya wazi.

Kwenye makazi yaliyohamwa hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu inayohusu majengo yenyewe. Kona ya nyumba inaficha dubu mita tano kutoka ulipo. Mlango ulioanguka unatoa dubu mzima kwa hatua mbili. Kati ya mapipa na kuta hakuna mstari mrefu wa kuona, na mlinzi mwenye bunduki anahitaji mstari mrefu ili apate muda wa kufyatua fataki kwanza. Ukishuka mahali pa hivyo ukiwa na watu wenye silaha, umeshaweka uhai wa dubu rehani kwa ajili ya picha yako. Kokh alibaki kwenye mashua, na kwangu huo ndio msingi wa kila sifa nyingine anayopewa.

Alivyosimulia, waliokuwa karibu na nyumba wengi wao walikuwa madume. Majike wenye watoto walikaa mbali, karibu na ufuko. Jambo hilo lina maana yake. Dubu dume anaweza kuua watoto wa dubu, na jike hujua. Mtu akitia mguu ufukweni angewakuta kwanza akina mama hao, na kuwasukuma waelekee walipo madume.

Droni na moyo wa dubu

Sasa tuje kwenye chombo. Watu husema dubu hakustuka, kwa hiyo hakuna tatizo. Utafiti uliofanywa Minnesota, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2015 unatufanya tuwe waangalifu zaidi. Watafiti waliwawekea dubu weusi wa Marekani vifaa vya kupima mapigo ya moyo, kisha wakarusha droni juu yao. Kwa macho, dubu karibu hawakuonyesha chochote. Ndani ya kifua mambo yalikuwa tofauti: mapigo yalipanda, na kwa mmoja yalizidi kiwango cha kabla ya droni kwa zaidi ya mapigo 120 kwa dakika. Utafiti uliofuata, uliochapishwa mwaka 2019, ulionyesha kwamba dubu waliorushiwa droni mara kwa mara huizoea.

Hao ni dubu weusi, si weupe, na nisingependa kuhamisha namba kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine. Ninachokichukua ni hiki: utulivu wa mnyama kwenye picha si ushahidi wa utulivu wa mnyama. Na kuzoea nako si habari njema moja kwa moja. Dubu asiyejali mlio wa mashine ni dubu ambaye mashine ya mtu mwenye nia mbaya inaweza kumkaribia vilevile.

Mfano wa kinyume tunao, na unatoka Urusi pia. Mwaka 2018 video ya droni kutoka mkoa wa Magadan ilienea sana: dubu wa kahawia na mtoto wake wanapanda mteremko mkali wa theluji, mtoto anateleza tena na tena, mwishowe anafika. Watazamaji walishangilia uvumilivu wa mtoto. Wanasayansi wa wanyama waliona jambo jingine: mama anayekimbia chombo, akipita njia ambayo mama wa dubu mwenye hiari asingeichagua, na wakati mmoja chombo kinaposogea, anapiga kofi hewani na mtoto anaporomoka. Droni ni ile ile. Aliyefuatwa ni mama mwenye mtoto, kwenye mteremko, asiye na mahali pa kujificha.

Kazi karibu na jengo ina kanuni yake ambayo sijaona ikisemwa vya kutosha. Dubu aliye tundra akichukia sauti anaondoka kuelekea upande wowote. Dubu aliye ndani ya nyumba ana mlango mmoja, pengine na dirisha. Ukisimamisha droni mbele ya mlango, umemfungia. Mlio wenyewe unagonga kuta za chumba na hawezi kujua unatoka upande gani. Akitoka kwa hofu, anatoka mbio, na nje wapo dubu wengine waliolala. Kwa hiyo picha ya dirishani ichukuliwe kutoka upande wa dirisha huku mlango ukiachwa wazi kabisa, na droni isikae katikati ya nyumba na mahali ambako dubu angependa kukimbilia.

Mengine ni ya ufundi na yanajulikana kwa wanaofanya kazi hii. Rusha kutoka mbali, uje kwa kimo kile kile bila kushuka ghafla juu ya kichwa cha mnyama. Kaa upande ambao upepo unatoka kwa dubu kuja kwako, ili upepo ubebe mlio kwenda mbali naye. Simama kila baada ya muda, tazama masikio na shingo: kichwa kikiinuka na kubaki juu, pua ikitafuta, umefika mwisho, rudi ulikotoka kwa njia ile ile. Usimfuate anayetembea. Dubu mweupe amevikwa mafuta na manyoya kwa ajili ya baridi kali, na mbio fupi tu humpandisha joto mwilini na kumlia akiba anayoihitaji hadi barafu irudi. Betri nayo inaisha haraka kwenye baridi, na kutua juu ya mashua inayoyumba kunahitaji akiba ya muda. Anayebana dakika za mwisho kwa ajili ya picha moja zaidi ana hatari ya kuacha taka mpya kwenye kisiwa chenye taka za kutosha.

Je, lenzi ndefu ingetosha?

Mtu anayelipinga jambo hili kwa haki atauliza kwa nini hakubaki mashuani na lenzi ya masafa. Swali linastahili hesabu.

Droni ndogo kwa kawaida hubeba lenzi pana, tuseme inayolingana na milimita 28 (kadiri namba hii inavyokuwa ndogo, ndivyo lenzi inavyoona eneo pana zaidi). Ukitaka nyumba yenye upana wa mita 10 ijaze nusu ya picha kwa lenzi hiyo, droni inapaswa kuwa kama mita 16 kutoka ukutani. Hiyo ni karibu sana. Ukiipeleka mita 300, dubu mwenye urefu wa mita mbili na nusu atachukua takriban pikseli 30, yaani vinukta vinavyounda picha, kwenye picha yenye upana wa pikseli 5,000, doa dogo tu la manjano hafifu. Kwa upande mwingine, kamera yenye lenzi ya milimita 600 ikiwa mita 300 kutoka kwenye nyumba ile ile inapata eneo la mita 18 kwa upana, na nyumba inajaa zaidi ya nusu ya picha. Kwa ukubwa wa nyumba kwenye picha, lenzi ndefu inashinda bila kumsumbua mtu.

Inaposhindwa ni pembe. Nyumba ziko juu, mashua iko chini usawa wa maji, na ukingo wa kisiwa unakata sehemu ya chini ya kile unachotaka kukiona. Dirisha litaonekana, baraza na mapipa hayataonekana. Hewa yenye unyevu juu ya bahari hutia ukungu kati ya lenzi na mnyama, na mawimbi yanafanya kazi ya milimita 600 kuwa bahati nasibu. Tena picha ya masafa hubandika nyuma na mbele pamoja. Ungepata dubu na mbao. Lenzi pana ya karibu imetupa dubu, mbao, kutu, nyasi na upweke wa kisiwa.

Kwa hiyo naona droni ilikuwa na haki yake hapa, kwa masharti: madume wazima, mahali pa wazi pa kuondokea, mtu mmoja, chombo kimoja. Ondoa sharti moja, kwa mfano weka jike na watoto wake barazani, na jibu langu linageuka kuwa lenzi ndefu au hakuna picha.

Kilichomo ndani ya picha

Mwanga wa siku ile ulikuwa wa mawingu, na ulisaidia. Jua kali kwenye manyoya meupe huunguza maelezo yote na kutia kivuli cheusi chini ya kidevu. Wingu linasambaza mwanga, manyoya yanabaki na rangi yake halisi, manjano ya maziwa, na mbao zilizopauka zinakaa karibu na rangi hiyo bila kuifanana. Giza la chumba nyuma ya dubu ndilo linalomchomoza. Anayepima mwanga kwa kufuata dirisha jeusi atampoteza dubu. Anayepima kwa manyoya atapata vyote viwili, kwa kuwa hakuna anachokihitaji ndani ya lile giza.

Uzuri huo ndio unaonipa wasiwasi kidogo. Dirisha ni fremu iliyokwisha tengenezwa, na kiumbe chochote kinachochungulia dirishani tunamwona kama mtu. Tunampa mawazo ya mwenye nyumba. Mapipa ndiyo yanayoizuia picha isigeuke hadithi ya watoto, maana yanasema nani alikuwepo na aliacha nini. Nimeona nakala zilizokatwa zikabaki dubu na dirisha pekee. Nakala hizo ni picha nyingine, na ni dhaifu. Ningemshauri yeyote anayepiga dubu karibu na mitambo au magofu azipange taka ndani ya picha kwa namna ambayo haziwezi kukatwa bila kumkata dubu.

Kuhusu shindano kuiweka picha hii kwenye kundi la wanyama wa mijini, sikubaliani sana. Mji una watu. Lakini sijui ningeiweka wapi, na hilo si kosa la mpiga picha.

Maelezo chini ya picha

Maelezo yaliyotolewa na makumbusho yalikuwa mafupi na ya haki: mahali, mwaka makazi yalipoachwa, idadi ya dubu, na kwamba droni yenye mlio mdogo ilitumika. Hilo la droni ni muhimu kuliko linavyoonekana. Lisipotajwa, mtu mwingine ataamini mpiga picha alisimama pale, na atajaribu kusimama pale.

Wengi walioishiriki picha waliiongezea maelezo yao: dubu wamenyang'anywa barafu, wamekuja kuishi nyumbani mwetu. Kupungua kwa barafu ya bahari ya Aktiki ni jambo la kweli na limepimwa tangu satelaiti zianze kuifuatilia mwaka 1979, na ndilo tishio kuu kwa spishi nzima. Ila picha moja ya dubu ndani ya nyumba haiwezi kulibeba dai hilo peke yake. Dubu wa Kolyuchin hawaonekani wamekonda. Kundi la Bahari ya Chukchi, linalokadiriwa kuwa na dubu wapatao 3,000 kwa mujibu wa utafiti uliochapishwa mwaka 2018, lilikutwa likiwa na wanyama wenye mafuta na wanaozaa vizuri, licha ya barafu yao kupungua. Ukitumia picha yao kuonyesha njaa, siku ukweli huo utakapofahamika msikilizaji wako ataacha kuamini hata yale unayosema kwa haki. Picha ya Norilsk inaonyesha njaa. Hii ya Kolyuchin inaonyesha wanyama wanaongoja, ndani ya kitu tulichokiacha.

Waliofuata

Mwaka 2025 mpiga picha mwingine wa Urusi, akiwa kwenye safari ya meli katika bahari hiyo hiyo, alirusha droni Kolyuchin na kuwakuta dubu kwenye nyumba zile zile. Video yake nayo ikazunguka dunia. Hapo ndipo kisa kinapobadilika sura. Droni moja kwa siku moja ya dhoruba ni jambo ambalo nimelitetea. Kisiwa kinachojulikana kwa jina, kilicho kwenye njia ya meli za watalii, chenye dubu wa uhakika ndani ya nyumba za kupendeza, ni jambo jingine, hata kama kila mgeni akijibeba vizuri. Usumbufu wa wageni kumi wapole hujumlishwa juu ya mnyama mmoja.

Svalbard imelitatua hili kwa umbali. Tangu Januari 1, 2025 kila mtu anatakiwa kukaa angalau mita 300 kutoka kwa dubu mweupe, na mita 500 kuanzia Machi 1 hadi Juni 30. Chini ya kanuni kama hiyo picha ya Kokh isingepatikana. Hesabu ya pikseli 30 imekwisha kutuonyesha hivyo. Katika hifadhi za taifa za Marekani droni zimepigwa marufuku tangu 2014. Ninapenda picha hii, na bado naona kanuni za namna hiyo zingefaa Kolyuchin kwa sasa, angalau miezi ambayo dubu wako nchi kavu, kwa sababu mpiga picha wa kwanza hakujua anachokwenda kukikuta na wote wanaofuata wanajua.

Ikishindikana kuweka kanuni, basi meli zenyewe zikubaliane mambo machache: droni moja tu kwa kila meli, irushwe na mtu mwenye uzoefu na abiria wote wagawiwe picha zake, isirushwe kabisa upande wa ufuko walipo majike na watoto, na meli ikikuta nyingine imetangulia siku hiyo, ipite tu. Na mapipa yahesabiwe kutoka angani wakati droni iko juu, kila mwaka, mahali yalipo na hali ya kutu yake, halafu taarifa hiyo ipelekwe kwa wanaopanga usafi wa Aktiki. Kazi hiyo haina tuzo, lakini chombo kile kile kinaiweza.